Mikono Yako Haikuua Sungura

Mauwa, mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele kwa rafiki yako, na yule binti namjua, anasuka mistari mitatu halafu anasimama kuzungumza. Basi nina muda mpaka jua literemke. Nimefunga mlango, na mtu akigonga sitafungua. Kesho asubuhi gari litakuja kukuchukua wewe na shangazi yako Sifa na watoto wake, na mimi nitabaki hapa kambini Dzaleka kwa sababu dosie yangu, ile faili ya kuomba kuhamishwa, haijajibiwa. Hilo tumeshalilia mara nyingi, sirudii.

Sitaandika habari za koti wala za kutunza karatasi zako. Hayo nimekuimbia mpaka masikio yamekuchoka. Nina jambo moja la kukuambia, na nimelikwepa tangu ukiwa na miaka kumi na miwili.

Juzi ulipokuwa kisimani, shangazi yako alikuja akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, na kichanga chake Yosua mgongoni. Unamjua Sifa, hazungushi maneno.

"Wifi, mutoto yako iko na shida gani na mutoto yangu?"

"Shida gani tena?"

"Nilimwambia, kwa ndege mi nitashika huyu wa pili, juu anaogopa, we utanibebea Yosua. Ananijibu, tantine, nipe mizigo yote, hata ya kichwa nitabeba, lakini mutoto hapana. Namuuliza, juu ya nini? Anaangalia tu chini."

Nikamwambia unaogopa kumwangusha, kwamba hujazoea watoto wachanga. Nilimdanganya bila hata kufikiri, ulimi wangu umeshajifunza. Sifa akasema haya, akafunga kitenge vizuri, akaenda. Mimi nikabaki pale pale, sufuria ikaungua jikoni. Miaka yote hii nilijiambia kwamba umesahau, kwamba mtoto wa umri ule husahau. Kumbe unaondoka kwenda nchi ya watu huku ukiamini kwamba mikono yako inaua.

Haiui, Mauwa. Haijawahi kuua kitu. Wale sungura niliwaua mimi, na nimejua hivyo kwa miaka sita.

Sasa nimeshaandika, siwezi kufuta. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na nitaeleza yote, hata sehemu ambazo hukuziona.

Lazima nianze kule kwetu Uvira, na kaka yako Amani. Ulikuwa bado unanyonya. Yeye alikuwa na miaka minne, mwenye fujo, anakimbia na mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Siku moja alisema ana kiu, nikachota maji ya ziwa kwenye ndoo, nikampa kikombe kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Alfajiri alianza kuhara. Mchana nilikuwa nimemfunga kwenye kitenge cha kumzikia. Muuguzi wa pale hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema taratibu tu kwamba matone machache ya klore, ile dawa ya kuua vijidudu, kwenye ndoo yangetosha.

Tangu siku ile sikuamini kitu kisichonuka klore. Tulipofika hapa Dzaleka nikaomba kuwa mhamasishaji wa usafi, nikapewa kile kizibao, nikawa naingia nyumba kwa nyumba kufundisha kunawa na kutia dawa ya maji. Watu walinicheka kwamba hata ugali wangu unanuka hospitali. Waache wanicheke, nilisema, mimi siziki mtoto mwingine.

Kwa hiyo kikundi cha mama cha kanisa kilipopata sungura, majike matatu na dume mmoja, hakukuwa na mabishano wakae kwa nani. Kwa Mama Mauwa, ndiyo nyumba safi. Nilivimba kichwa, sitakuficha. Mama Tabita, ambaye ndiye mkuu wa kikundi na ndiye mwombezi, aliweka mikono juu ya vizimba akaomba mpaka jasho likamtoka. Tulikuwa na hamu ya kupata kitu chetu wenyewe. Wamama wote walikuwa wanategemea wale sungura, wengine hawakuwa na kitu kingine chochote.

Wewe uliwapenda. Kabla ya shule ulikuwa unachuchumaa mbele ya vizimba, hata uji unapoa. Mimi nilikuwa na kazi nyingi za kuwatunza, nikakosa nafasi ya kuwatazama. Wewe uliwatazama.

Jike alipozaa, aling'oa manyoya ya kifua chake akatandika kisanduku, watoto wakalala humo wamekunjamana, wekundu, macho yamefungwa. Kila asubuhi nilifungua kisanduku. Na kila mara nilikuta mama yao ameacha punje za mavi mle ndani, chache tu, katikati ya watoto. Nilichukia. Nilitoa watoto, nikatupa majani na manyoya yote, nikasugua mbao kwa klore, nikaanika juani, nikatandika majani mapya. Nilikuwa najisikia mama mzuri kuliko yule aliyewazaa.

Watoto walikua vizuri mpaka wakafumbua macho, wakaanza kutafuna majani ya viazi. Tulipowaachisha kunyonya ndipo mambo yakaanza. Mmoja alikaa pembeni, tumbo limejaa upepo, anasaga meno. Akatoa choo cha utelezi. Kufika mchana amekufa. Kesho yake wawili. Ndani ya juma moja kizimba kilikuwa kitupu. Kundi la pili likafanya vivyo hivyo. Na mimi, kila aliyekufa, nilizidisha klore. Nilitia mpaka kwenye maji yao ya kunywa. Jike mmoja alikuwa anasogea kwenye maji, ananusa, anarudi nyuma, nikamwambia utakunywa tu, kiu itakushika.

Hapo ndipo uliponijia. Unakumbuka maneno yako? Mimi nayakumbuka yote.

"Mama, ule mama sungura anaachaka mavi kidogo mule ndani. Batoto banaikulaka. Nimeona na macho yangu. Labda njo chakula yabo."

"Koma. Mavi njo iliua kaka yako."

"Lakini nimeona, mama."

Nikakupiga kofi la mdomo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliniambia ukweli mtupu juu ya sungura, nikampiga mdomoni. Halafu nikakupa brashi nikakuambia usugue.

Wewe ulisugua. Ila kundi la tatu lilipozaliwa ukafanya akili yako. Mavi niliyokuwa natoa kwenye kisanduku, ukawa unayaokota kwenye takataka na kuyaficha kwenye kopo la sadini, na kesho yake, kabla sijaamka, unayarudisha. Siku ngapi ulifanya hivyo, sijui. Siku moja niliamka mapema kuwahi foleni ya maji, nikakukuta umeinama kwenye kisanduku, kopo liko chini, na mavi ya sungura umeyashika mkononi. Ulifungua mdomo useme. Sikukuachia. Nilikuvuta kwa sikio, nikalitupa lile kopo, nikachukua klore yote iliyobaki nikaosha kisanduku, nikaosha na mikono yako mpaka ikachubuka.

Na wale wa kundi la tatu nao wakafa walipoachishwa. Pengine wachache wangepona kama ningechelewa kuamka siku kadhaa. Hilo huwa nalifikiria sana.

Mama Tabita alikuja na wamama wengine watano. Walisimama uani, wamekunja uso. Akauliza, "Nani anaingiaka kwa hizi sungura?"

Ningeweza kusema mimi. Ningeweza kusema tutafute mtu wa mifugo. Nikasema, "Asubuhi moja nilimukuta Mauwa na mavi mukononi."

Nataka uelewe kwamba nilijua. Nimekulia kwetu, najua watu wetu wanavyomtazama mtoto aliyekutwa alfajiri na kitu kama kile mkononi, wanamwita mchawi. Nilijua sentensi ile ingefanya nini uani pale. Niliisema kwa sababu wote walikuwa wameanza kuangalia mikono yangu mimi. Wakageuka wakakuangalia wewe, na mimi, Mungu anisamehe, nikapumua.

Zile siku tatu walizokufungia ndani bila chakula wala maji, wakiomba ubaya ukutoke, sitazisimulia zote, unazijua. Nakuambia tu kwamba nilikuwa nje, nimekaa kwenye tofali chini ya dirisha, siku zote tatu. Nilisikia wakikupaka mafuta mikononi na kupiga kelele juu ya vidole vyako. Siku ya pili nilisikia ukisema, "Mama, maji." Nikainuka na kikombe. Mama Tabita akatoka mlangoni, akatikisa kichwa, na mimi nikakaa chini tena na kikombe changu. Maji yalikuwepo, Mauwa, yalikuwa safi, na mimi ndiye mama yako.

Siku ya mwisho wakakuambia, usiguse mnyama, usiguse mtoto mchanga, mpaka Bwana atakapofungua mikono yako. Halafu hakuna aliyerudi kukuambia kwamba imefunguliwa. Nimewaza sana kwa nini, na jibu ni kwamba walisahau. Walikuwa na harusi ya kupanga, na matanga, na mambo mengine. Wewe ulingoja.

Sungura waliendelea kufa, hata wewe usipowasogelea. Walisema ni mabaki ya ubaya, utatoka polepole. Mimi nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda basi dogo mpaka Lilongwe, nikazunguka Old Town nikiulizia dawa za mifugo. Nikapata duka moja dogo nyuma ya wauza mbegu. Aliyekuwepo ni mama mmoja Mmalawi, tuliongea Kichewa changu kibovu na Kiingereza kidogo. Nilimweleza tumbo, meno, choo cha utelezi. Akanipa pakiti ya unga. Akasema humu ndani kuna bakteria hai, wazuri, wa kusaidia tumbo la sungura.

Nilimwambia, Mai, mama yangu, mimi kazi yangu ni kuua bakteria, sasa wewe unaniuzia? Akacheka, akasema chukua tu.

Nilirudi, nikachanganya ule unga na maji. Maji gani? Yale yale, ya klore. Kundi lingine likafa. Nikashika njia tena, nimewaka hasira, nikaweka pakiti mezani kwake mbele ya wateja, nikamwambia dawa yake ni feki.

"Unachanganya na maji gani?"

"Maji safi. Mimi natia klore kwa mkono wangu."

Akacheka kwanza, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akanivutia kiti. Akasema, Mai, umenunua vitu vyenye uhai, ukavitumbukiza kwenye sumu inayoviua. Akaniambia sungura hawezi kumeng'enya majani peke yake. Ndani ya utumbo wake mkubwa kuna bakteria wengi, hao ndio wanaomsagia majani, na wakikosekana, wabaya wanachukua nafasi, tumbo linajaa hewa, anakufa. Na mtoto wake anazaliwa bila hao bakteria. Lazima awapate mahali. Kisha akaniuliza swali.

"Kwenye kisanduku mama anaacha mavi, watoto wanayala. Huwa unayaacha?"

Nikasema yanatolewa.

"Nani anayatoa?"

Nikasema, "Mwanangu."

 Hakuna aliyekuwa ananijua pale. Hakukuwa na kanisa wala Mama Tabita, kulikuwa na mwanamke mmoja mwema na mizani yake, na bado nikaliweka juu yako. Akasema kwa upole, mwambie asitoe tena, na usimgombeze, wengi hukosea hapo. Nikamshukuru, zikomo. Nikatembea mpaka stendi, mabasi mawili yakajaa yakaondoka mbele yangu, nami nimekaa kati ya wauza nyanya. Mtu mwingine angefurahi kwamba amepata dawa. Mimi nilikuwa nafikiria kopo la sadini.

Nilifanya kama alivyonielekeza. Maji yao niliyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima mpaka harufu ya klore ikaisha. Unga niliunyunyiza juu ya deya, yale makapi ya mahindi, iliyoloweshwa kidogo, na pakiti niliificha kivulini isipate joto. Kisanduku sikukigusa, nilifunga mikono nyuma nikapita. Alikuwa ameniambia wazi kwamba unga ule ni wa kusaidia tu, haufufui, na wengine watakufa hata hivyo. Kwenye kundi lile alikufa mmoja. Waliobaki walikua wakanenepa, tukawapeleka kuuza Lilongwe.

Na Jumapili Mama Tabita akasimama kutoa ushuhuda. "Tangu mukono ya ule mutoto itolewe kwa sungura, sungura banaishi." Kanisa zima likasema haleluya. Wewe ulikuwa nyuma karibu na mlango, peke yako kwenye benchi. Mimi nilikuwa mbele na wamama. Nilikuwa na ukweli wote tumboni, ungetosha dakika mbili. Nilipiga makofi, Mauwa. Wewe uliniona nikipiga makofi.

Baadaye wakaanza kuniita mwalimu wa sungura. Watu wa upande wa Warundi wakaja, Wamalawi wa vijiji vya jirani wakaja na baiskeli za kabaza, nikawafundisha. Nawaambia, usitoe mavi ya mama kwenye kisanduku, watoto wanayahitaji. Wananiuliza, umejuaje? Najibu, nimeona na macho yangu. Maneno yako, kwa kinywa changu, na wewe uko ndani ya nyumba unaosha vyombo na kusikia kila kitu. Ulikuwa hujui hata kwamba ulikuwa sahihi. Pengine ulidhani mavi yalikuwa mazuri, ila mikono yako ndiyo iliyoyaharibu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mwaka wa kwanza niliogopa kikundi, tulikuwa tunakula kwa sababu yao. Mwaka wa pili nikajiambia umesahau, nisikuamshie kidonda. Baada ya hapo ilikuwa aibu tu. Nilingoja siku nzuri ya kukuambia, na kila siku ilikuwa na sababu yake. Mwanangu, huko uendako utamkosea mtu, utake usitake. Mwambie siku hiyo hiyo, hata kama sauti haitoki vizuri. Ukilala nalo siku moja, utalala nalo miaka, na kila mwaka utaongeza uongo mdogo wa kulifunika. Nimefanya hivyo, najua uzito wake.

Na jambo lingine. Wewe una macho. Ulikuwa mtoto, hukusoma habari za bakteria, lakini ulichuchumaa ukatazama mpaka ukaona. Mimi mkubwa nilikuwa na jibu tayari, nikaacha kutazama. Huko watu watakuambia hukuona ulichokiona, wengine kwa upole, wengine kwa kofi. Ukiona huwezi kubishana nao, nyamaza, lakini usikubali moyoni kwamba hukuona.

Mbebe Yosua. Simaanishi umbebe kwa ujasiri au kwa imani. Mbebe kwa kuwa ni mtoto, na mikono yako ni mikono kama ya mtu yeyote. Ya kwangu ndiyo iliyoshika chupa ya klore.

Sasa sehemu ya mwisho, ambayo huijui kabisa.

Jumapili iliyopita ulikuwa Lilongwe na shangazi yako, mmelala huko kwa vipimo vya mwisho. Ibada ilipofika wakati wa ushuhuda nikasimama. Nilisema yote. Klore, kisanduku, kopo la sadini, kofi, Old Town, na kile nilichojibu dukani. Sikulia, niliogopa nikilia watasema ni uchungu wa kuachwa. Wakasema hivyo hivyo. Mama Tabita akasema, "Mama Mauwa, huzuni ya safari inakusumbua. Ikala tu."

Sikukaa. Nikasema, "Mi njo niliua zile sungura. Mutoto alikuwa anaziponyesha. Mulimufunga juu ya makosa yangu."

Nikasikia watoto wanacheza nje. Mama Tabita akafumba macho, akaomba chini chini muda mrefu. Alipofumbua hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Basi ile kintu haikutoka siku ile. Ilipita tu kwa mama." Wakasema amina. Nilimtazama mmoja mmoja wa wale wamama niliofua nao, niliolia nao matanga, na kila mmoja alitazama chini.

Jumatatu wakaja kuchukua sungura. Uliporudi Jumanne ukaniuliza vizimba viko wapi, nikakuambia nimechoka, nimewaomba wawahamishe. Huo ni uongo wangu wa mwisho kwako. Walivibeba wenyewe, na niliposhika gunia la deya niwasaidie, mmoja akasema, "Acha, mama, tutabeba." Pale kisimani wanasogeza ndoo zao pembeni ninapofika. Sijui itaishia wapi. Naogopa, sitajifanya siogopi. Lakini safari hii sina wa kumsukumia, na sitaki kuwa naye.

Nakuambia haya kwa sababu ya kesho. Umezoea kuona mtu akiondoka Dzaleka, wamama wa kikundi wanakuja na sare zao, wanamwimbia mpaka kwenye gari. Najua umepiga pasi kile kitenge, na juzi ulimuuliza Sifa watakuja saa ngapi. Hawatakuja, Mauwa. Watasimama kwenye milango yao watazame. Usianze kutafuta kosa kwako, mimi ndiye wanayemkwepa.

Na huko mnakokwenda kuna ndugu wa kanisa hili hili, watapokea habari kwa simu kabla ndege haijatua. Wakisikia kwamba ulitoka ukinikumbatia, watakuanzishia maneno yale yale upya, na wewe hutakuwa na nyumba ya kukimbilia kule. Kwa hiyo nakuomba kitu kigumu. Asubuhi tuagane humu ndani, mlango ukiwa umefungwa, na kama bado utataka kunishika baada ya kusoma barua hii, nishike humu, hata kwa muda mrefu, dereva atangoja. Kama hutataka, sitakuuliza kitu. Lakini tukitoka nje, usinishike mkono. Panda gari. Waache wanione nimesimama peke yangu, wajue ni nani mwenye kosa.

Mama yako